Fidla Si Kama Shati la Shule

   Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Leo twahitaji kitu kimoja zaidi, nacho ni utepe wa kupimia, kama ule autumiao fundi cherehani. Darasa lisilo na utepe litwae kamba na rula; vitatosha. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: fidla, upinde, nyuzi, sehemu. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike.

Katika masomo ya hesabu mmekwisha jifunza kuandika nusu, robo na thumni. Leo sehemu hizo zitatufaa katika jambo ambalo huenda hamkulitazamia, yaani kumtafutia mtoto mdogo chombo cha muziki chenye nyuzi. Nasema mtoto mdogo kwelikweli, wa miaka mitatu, minne au mitano. Nitakaa sana kwenye fidla, kwa sababu ndiyo inayowasumbua wazazi zaidi, na vyombo vingine nitavigusa kidogo mwishoni.

Fidla ni nini? Msikilizaji wa Unguja, Mombasa au Tanga atacheka kwa swali hilo, maana ameiona tangu utotoni katika taarab. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na katika taarab ya namna yake fidla husikika pamoja na udi na kanuni. Kwa wale walio mbali na pwani nitaeleza hivi. Fidla ni chombo cha mbao chenye nyuzi nne. Mpigaji hukiweka kati ya bega na kidevu, upande wa kushoto. Vidole vya mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi, na mkono wa kulia huvuta upinde juu yake. Upinde huo una nywele za mkia wa farasi. Mjaluo anayejua orutu, Mganda anayejua ndingidi na Mgogo anayejua zeze lake wamekwisha fahamu jambo lenyewe, ila wao hawaweki chombo chini ya kidevu.

Sasa tuje kwenye shida yetu. Mtoto anapoanza shule, wengi wetu humnunulia shati kubwa kidogo. Twasema, "Atalikulia." Mikono ya shati hukunjwa, mwaka wa pili hukunjuliwa, na fedha imeokolewa. Hiyo ni akili njema kabisa. Lakini mzazi huyohuyo akienda kununua fidla hutumia akili ileile, na hapo ndipo anapopotea. Hununua fidla ya mtu mzima, akampa mtoto wa miaka mitano, akangoja akue.

Tazameni yanayompata mtoto. Mkono wake wa kushoto hauna budi kunyooka wote ili ufike mwisho wa fidla. Mkono ulionyooka hauwezi kukunja vidole vizuri, kwa hiyo vidole hulala juu ya nyuzi badala ya kusimama. Bega hupanda. Shingo hupinda. Fidla huelemea chini, na mtoto huikamata kwa nguvu isianguke. Kidole gumba hubana kama cha mtu anayening'inia kwenye tawi la mti. Baada ya dakika tano anaona maumivu. Baada ya wiki mbili hataki tena. Mzazi naye asema, "Mwanangu hana kipaji." Ndugu zangu, mpeni mkulima hodari jembe lenye mpini wa mita tatu, mwone kama atamaliza hata tuta moja. Je, mtasema hajui kulima?

Tena mazoea hayo ya bega na kidole gumba hukaa mwilini. Hata mtoto akipewa baadaye fidla inayomfaa, mwalimu wake atatumia miezi mingi kuyaondoa. Kuna methali isemayo, samaki mkunje angali mbichi. Wazazi huitumia sana wanapotaka mtoto aanze mapema, nami naikubali. Lakini samaki mbichi naye hukunjwa kwa kadiri ya urefu wake, asije akakatika.

Mafundi wa fidla walilijua jambo hili zamani. Mjini Salzburg, katika nchi ya Austria, ipo nyumba alimozaliwa Mozart mwaka 1756. Ndani yake imehifadhiwa fidla ndogo aliyoipiga alipokuwa mtoto. Siku hizi fidla hutengenezwa kwa vipimo vingi, na kila kipimo hupewa jina la sehemu. Mwalimu, andika ubaoni, kuanzia kubwa kwenda ndogo: 4/4, 3/4, 1/2, 1/4, 1/8, 1/10, 1/16, 1/32. Ya kwanza, 4/4, ni fidla nzima, ya mtu mzima. Ya mwisho ni ya mtoto mdogo mno, na si rahisi kuiona dukani.

Hapa nataka mkae macho, maana sehemu hizi zitawadanganya. Pimeni kiwiliwili cha fidla nzima, yaani lile sanduku lake la mbao bila shingo. Mtapata karibu sentimita 35 na nusu. Sasa mtu aliyesoma hesabu vizuri atasema kwamba fidla ya 1/2 itakuwa na sentimita 18 hivi. La, sivyo. Fidla ya 1/2 ina karibu sentimita 31. Ya 1/4 ina karibu sentimita 28. Ya 1/8 ina karibu sentimita 25. Hata ile ya 1/16, ambayo jina lake latutisha kwa udogo, ina karibu sentimita 21, nayo bado ni ndefu kuliko nusu ya kweli ya ile nzima!

Je, walimu wenu wa hesabu wamewafundisha uongo? Hapana. Katika fidla sehemu hizi zimekuwa majina tu. Wazee watakumbuka thumni ya fedha. Thumni kwa hesabu ni sehemu ya nane, lakini mfukoni thumni ilikuwa senti 50, yaani nusu ya shilingi, na hakuna mwenye duka aliyebishana nayo. Basi na fidla ni vivyo hivyo. Mkisikia "robo" katika duka la muziki, msitoe kalamu kugawanya. Ulizeni urefu kwa sentimita.

Mzazi asiyelijua jambo hili hupoteza fedha. Akisikia kwamba fidla ya 1/2 ni "nusu", ataiona ndogo mno kwa mtoto wake wa miaka minane, na atanunua ile nzima bila hata kuitazama nyingine. Kumbe ile ya 1/2 ndiyo ingemfaa, au pengine hata ya 1/4.

Haya, tupime. Mwalimu, mwite mtu mmoja asimame mbele. Kama yuko mtoto karibu, ni bora zaidi. Anyooshe mkono wa kushoto kwa upande, ulingane na bega, kiganja kikitazama juu. Asijivute, akae kama kawaida. Weka mwanzo wa utepe pale shingo inapokutana na bega, uupitishe juu ya mkono mpaka katikati ya kiganja. Soma hesabu hiyo kwa sauti.

(Hapa darasa lisimame kidogo na kupima.)

Mmepata? Sasa linganisheni. Mtoto mwenye sentimita 35 hadi 39 hufaa kuanza na fidla ya 1/16. Kutoka 39 hadi 43 ni ya 1/10. Kutoka 43 hadi 46 ni ya 1/8. Kutoka 46 hadi 51 ni ya 1/4. Kutoka 51 hadi 56 ni ya 1/2, na kutoka 56 hadi 59 ni ya 3/4. Mwenye sentimita 59 au zaidi aweza kupiga fidla nzima. Watoto wengi hufika hapo wakiwa na miaka kumi na mmoja, kumi na miwili au zaidi kidogo. Mtoto ambaye kipimo chake hakifiki 35 ni wa 1/32, au angoje kidogo. Nitasema baadaye la kufanya wakati wa kungoja.

Msiutazame umri. Watoto wawili wa miaka sita waweza kutofautiana mikono kwa urefu wa kidole, na hakuna aliye na kosa.

Vipimo nilivyovitaja navyo si sheria ya serikali. Mafundi hutofautiana, fidla ya 1/4 ya kiwanda kimoja huweza kuizidi ya kiwanda kingine. Kwa hiyo mkiwa na fidla yenyewe, fanyeni jaribio la pili, na hilo ndilo la kuamini. Mwekeeni mtoto fidla begani, kidevu kikiwa mahali pake. Mwambieni anyooshe mkono wa kushoto chini ya fidla, akamate kile kichwa cha mwisho kilichojiviringa kama konokono. Vidole vikikizunguka kwa raha, na kiwiko kikiwa kimepinda kidogo, fidla imemfaa. Kiwiko kikinyooka kama fimbo, irudisheni, hata kama muuzaji atasema kwamba mwezi ujao mtoto atakuwa ameikulia. Na mtoto akiwa katikati ya vipimo viwili, chukueni kilicho kidogo.

Wako watu wanaochagua fidla sawasawa, kisha wakasahau upinde. Upinde una vipimo vyake, na majina ni yaleyale. Upinde wa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 74. Mtoto akiushika, mkono wake wa kulia hurudi mbali nyuma yake kila avutapo, ncha humwelemea, na nywele huteleza kutoka mahali pake juu ya nyuzi. Upinde na uwe wa kipimo cha fidla. Nyuzi pia. Mtu akifunga nyuzi za fidla nzima kwenye fidla ya 1/8, zitalegea, maana uzi uleule ukifupishwa hauna budi kulegezwa ili utoe sauti ileile. Uzi uliolegea hukoroma. Nunueni nyuzi zilizoandikwa kipimo cha fidla yenu. Maandishi hayo ni madogo na mara nyingi yako nyuma ya pakiti. Muuzaji mwenyewe pengine hayasomi, basi yasomeni nyinyi.

Wala msishangae fidla ndogo ikiwa na sauti nyembamba, hasa kwenye uzi ulio mnene kuliko yote. Sanduku dogo haliwezi kunguruma. Mtoto hana kosa hapo, wala fundi.

Sasa niwapeleke Japani. Huko ndiko watoto wadogo sana walikopewa fidla kwa wingi, na habari zake zawahusu nyinyi watu wazima kuliko mnavyodhani.

Mjini Nagoya alikuwako mtu aitwaye Masakichi Suzuki. Kazi ya kwao ilikuwa kutengeneza shamisen, chombo cha Kijapani chenye nyuzi tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 aliiona fidla, chombo cha kigeni, akajaribu kuitengeneza, na baadaye akawa na kiwanda kikubwa. Mwanawe Shinichi alizaliwa mwaka 1898. Huyu alikulia katikati ya fidla, lakini hakujifunza kuipiga mpaka alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, aliposikia sahani ya santuri ya mpiga fidla Mischa Elman. Baadaye alikwenda kusoma Berlin, katika nchi ya Ujerumani.

Aliporudi kwao, katika miaka ya 1930, baba mmoja alimletea mtoto wa miaka minne na kumwomba amfundishe. Mtoto huyo aliitwa Toshiya Eto, na alipokua akawa mpiga fidla mashuhuri. Lakini wakati ule Suzuki alijiuliza, mtoto wa miaka minne afundishwe vipi? Ndipo alipotambua jambo ambalo liko mbele ya macho ya kila mtu: watoto wote wa Kijapani wasema Kijapani. Hakuna mama anayengoja mtoto ajue kusoma ndipo amsemeshe. Mtoto husikia, hurudia, husifiwa, hurudia tena. Suzuki akaona kwamba muziki waweza kufundishwa kwa njia iyo hiyo. Mwaka 1946, baada ya vita, alianza kufundisha mjini Matsumoto. Mwaka 1955 watoto zaidi ya elfu moja walikusanyika Tokyo na kupiga fidla pamoja. Mwaka 1964 aliwachukua watoto kumi mpaka Marekani, na walimu wengi wa huko walipowasikia wakaanza kuifuata njia yake. Alifariki mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 99.

Katika habari hizo nataka mshike mambo mawili. Kwanza, hayo yote yasingewezekana kama watoto wale wangepewa fidla za baba zao. Zilihitajika fidla za 1/10 na 1/16 kwa wingi, nazo zikatengenezwa. Pili, Suzuki hakuanza na mtoto. Alianza na mzazi. Mama alifundishwa kwanza kupiga wimbo mmoja mdogo, na mtoto akawa anatazama tu. Tena mama alitumia fidla ndogo, ile ya kumfaa mtoto, mpaka siku moja mtoto mwenyewe akaja kuivuta mkononi mwake, akitaka naye apige. Basi asiwepo mtu darasani atakayesema, "Mimi nimekwisha zeeka, haya ni ya watoto." Nyinyi mliokubali kushika kalamu na hali mna watoto, na wengine mna wajukuu, mnaijua kazi hii. Mtoto anayemwona mama yake akihangaika na herufi "k" kila jioni hana haja ya kuhubiriwa juu ya bidii.

Na mtoto ambaye mkono wake haujafika kipimo, au mzazi ambaye fedha zake hazijafika? Walimu wengi wa njia hiyo humwanzisha mtoto na sanduku. Twaeni boksi dogo la karatasi ngumu, kama la biskuti au la majani ya chai, linaloweza kukaa begani pa mtoto. Lijazeni karatasi zilizokunjwa ili lisibonyee. Chomekeni rula ya mbao upande mmoja, itokeze nje kama shingo, kisha ikazeni kwa gundi na utepe wa kunata. Hiyo ndiyo fidla yake ya kwanza. Kijiti kilichonyooka kitakuwa upinde. Chombo hiki hakitoi sauti yoyote, na hapo pana faida: mtoto hujifunza kusimama, kuweka kidevu, na kushika bila kubana, bila kuchanganyikiwa na kelele. Kikianguka, hakuna anayelia. Chukueni pia kipande cha boksi kubwa, mtoto asimame juu yake, mchore nyayo zake kwa kalamu. Kila siku asimame ndani ya nyayo zake mwenyewe. Dakika tano zatosha. Mimi nalipenda sanduku hili kuliko vifidla vya rangi nyekundu na buluu vinavyouzwa pamoja na wanasesere, ambavyo vigingi vyake havishiki na nyuzi zake hazikubali kulinganishwa.

Linabaki swali gumu. Fidla ndogo zapatikana wapi? Ulaya na Marekani maduka mengi hukodisha. Mzazi hulipa kila mwezi, na mtoto akikua hurudisha ndogo, akachukua kubwa. Kwetu maduka ya namna hiyo ni haba. Na mtoto anayeanza akiwa na miaka minne aweza kupita fidla tano au sita kabla ya kufika ile nzima. Mzazi wa kawaida hawezi kununua zote, tena fidla ya 1/16 humtumikia mtoto kwa muda mfupi, kisha hubaki juu ya kabati.

Basi huko juu ya kabati ndiko kwa kutafuta. Waulizeni walimu wa muziki, vyama vya taarab, na makanisa yenye vikundi vya wapigaji. Ulizeni penye vyuo. Nairobi, chuo cha Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa mwaka 1944. Unguja, chuo cha Dhow Countries Music Academy kilianza mwaka 2002. Watu waliopita mahali kama hapo hujua fidla ya nani imelala bila kazi kwa sababu mwenyewe amekuwa mrefu.

Lakini dawa ninayoiamini ni ushirika. Wazazi sita wachange, wanunue fidla tatu: moja ya 1/10, moja ya 1/8, moja ya 1/4. Fidla hizo ni mali ya chama, wala si za mtu mmoja. Katika daftari la chama liandikwe jina la mtoto, kipimo cha mkono wake, tarehe aliyopewa fidla, na hali ya fidla siku hiyo. Kila baada ya miezi minne watoto wapimwe tena, na aliyekua ampishe mwenzake. Watoto wawili wa jirani wenye mikono sawa waweza kutumia fidla moja, huyu asubuhi na yule jioni, maana mazoezi ya mtoto mdogo ni mafupi. Anayengoja zamu ana sanduku lake. Najua mtauliza, ikivunjika? Kubalianeni kabla, na muandike. Chama kisicho na maandishi hugombana siku ya kwanza uzi unapokatika.

Mkiletewa fidla iliyokwisha tumika, msiitazame rangi. Zungusheni vigingi vya kukazia nyuzi, mwone kama vinashika. Vikiteleza kidogo fundi ataviponya, vikiteleza sana vitamaliza saburi ya nyumba nzima. Tazameni daraja, yaani kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi. Hakikugandishwa kwa gundi, hushikwa na nyuzi tu, kwa hiyo huinama. Nacho yafaa kisimame wima. Tazameni kama nyuzi zimekaa juu mno, maana hapo mtoto hubonyeza mpaka vidole vikauma, na lawama huangukia vidole. Kisha gongeni taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zote. Mkisikia mchakacho, mbao zimeachana. Hilo hutengenezeka, kwa sababu fidla nyingi hugandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, nayo hulainika kwa joto na unyevu. Kwa sababu iyo hiyo msiiache fidla juani wala ndani ya gari lililofungwa, na watu wa pwani wazidi kuangalia.

Mwisho chungulieni katika tundu la usoni. Ndani pana kijiti kilichosimama kati ya uso na mgongo wa fidla. Wafaransa hukiita roho ya fidla. Kama kimeanguka, msikaze nyuzi, pelekeni kwa fundi. Kama pana ufa mahali kijiti hicho kinapogusa mbao, iacheni fidla hiyo, maana gharama ya kuiponya huweza kupita bei yake.

Kwa vyombo vingine nitasema machache. Selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, nayo hupatikana kwa 1/8 na 1/10, lakini kiti nacho hakina budi kuwa kidogo, nyayo za mtoto zikanyage chini. Besi kubwa ya kusimama nayo ina kichekesho: watu wazima wengi hupiga ile iitwayo 3/4, wala hakuna anayewaita watoto. Gitaa la kawaida lina nyuzi zenye urefu wa sentimita 65 kutoka daraja mpaka mwanzo wa shingo. Kwa mtoto yapo ya sentimita 48 hivi na 53 hivi. Wazazi wengine huanza na ukulele, chombo cha Hawaii chenye nyuzi nne, kilichotokana na vigitaa vya Wareno waliofika huko mwaka 1879 kutoka kisiwa cha Madeira. Nyuzi zake za nailoni haziumizi vidole. Udi humshinda mtoto kwa tumbo lake nene. Akiukumbatia, mkono wa kulia haufiki kwenye nyuzi. Na wenye kupenda zeze, orutu au ndingidi wana bahati, kwa sababu fundi hutengeneza kwa mkono, naye aweza kupunguza mti kwa kadiri ya mwenye kupiga. Msimpelekee fundi huyo hesabu. Mpelekeeni mtoto mwenyewe.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mmoja ampime mtoto mmoja au zaidi, wa kwake au wa jirani, na aandike katika daftari kwa mfano huu: jina la mtoto, miaka 5, sentimita 44, fidla ya 1/8. Mtakaporudi darasani, mwalimu atakusanya hesabu zenu na kuzipanga ubaoni, kutoka mkono mfupi mpaka mrefu.

Kisha jibuni swali hili kwa sentensi tatu. Mtoto ana kipimo cha sentimita 49. Muuzaji ana fidla mbili. Ya 1/4 anaiuza kwa bei yake kamili. Ya 1/2 ni nzuri zaidi, vigingi vyake vinashika, nyuzi zake ni mpya, naye yuko tayari kuiuza kwa nusu ya bei, maana anahama mji kesho. Mama ana fedha za kutosha kununua moja tu. Mngemshauri nini? Mjadiliane kwanza, kisha kila mmoja aandike jibu lake mwenyewe. Majibu tutayazungumza katika somo lijalo.

Kwaherini.